Usukani Mzito

Habari ilinikuta kwenye ghala la chakula cha mifugo, nimeegemea kaunta nikisubiri wapakie magunia. Redio ilikuwa inajisemea peke yake kama kawaida: bei ya maziwa, mvua, nani kafariki. Kisha mtangazaji akasema kampuni moja ya magari inayaita magari yake yarudi kutengenezwa. Akataja aina, akataja miaka. Swichi ya ufunguo ni dhaifu, alisema. Gari likipita kwenye shimo, au goti la dereva likigusa ufunguo, swichi inaweza kuruka yenyewe na injini ikazimika gari likiwa kwenye mwendo. Usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu, na mifuko ya hewa haifunguki.

Lilikuwa gari letu. Aina ile, mwaka ule.

"Orrin," Dewey wa kaunta akasema. "We Orrin Tveit. Nimekuuliza mara mbili, unataka chumvi ya ng'ombe au huitaki?"

"Naitaka."

"Umekuwa mweupe kama hiyo chumvi yenyewe. Kaa chini basi."

Sikukaa. Nilitoka nje na fimbo yangu nikasimama kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, na nikasema kwa sauti, hakuna mtu wa kunisikia: sikulala.

Nieleze. Mwaka juzi mwezi wa kumi, mimi na mke wangu Marlys tulikuwa tunarudi kutoka kanisani, kwenye mlo wa samaki waliolowekwa magadi tunaokula kila msimu wa mavuno. Giza lilikuwa limeingia. Barabara imenyooka pale, unaweza kuiendesha umefumba macho, na ndivyo watu walivyosema nilivyofanya. Gari liliacha lami, likavuka mtaro, likagonga ukingo wa udongo wa njia inayoingia shambani kwa watu. Mimi nilivunjika nyonga. Marlys aligonga kichwa kwenye dashibodi. Mfuko wake wa hewa haukufunguka, wangu pia, na wakati ule hakuna aliyejiuliza kwa nini. Gari lilikuwa kuukuu. Vitu vya kuukuu havifanyi kazi.

Marlys yu hai. Ukimlisha anakula. Nikiingia chumbani kwake ananiamkia kwa adabu, kana kwamba mimi ni mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Askari wa wilaya aliandika kwamba hakukuwa na alama za breki barabarani, na kwamba dereva alikuwa macho tangu alfajiri, akikamua ng'ombe na kuvuna mahindi. Akaandika dereva alilala. Kule hospitali nilisema usukani ulikuwa mzito ghafla, kama mtu kaushika kwa upande wa pili. Muuguzi akasema watu wengi huota hivyo baada ya ajali. Mchungaji akasema Mungu anasamehe. Kila aliyekuja na bakuli la chakula alisema, Orrin, ni uchovu, ingeweza kumtokea yeyote. Mtu akisamehewa mara nyingi hivyo huanza kuamini amekosa. Ilipofika Krismasi nilikuwa nasema mwenyewe: nililala.

Binti yetu Britta hakunisamehe. Alisema, "Mama alikuomba aendeshe yeye." Ni kweli. Alikuwa ameniomba pale pale nje ya kanisa, na nilimwambia niko sawa. Britta akampeleka mama yake kwenye nyumba ya kuuguzia karibu na anakoishi, mji wa La Crosse, mwendo wa saa moja kutoka shambani. Nikienda Jumapili, mimi naingia kwa mlango mmoja, yeye anatokea mwingine.

Kwa hiyo nilipoisikia redio sikuwaza fidia. Niliwaza Britta.

Wakili Hruska ana ofisi juu ya duka lililokuwa la mikate. Ni mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, anatafuna karoti kwa sababu kaacha sigara. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo watu wengi hawajalifanya.

"Nikuambie mambo yalivyo," akasema. "Kwanza, hulipi kitu. Nikishinda nakata sehemu yangu, nikishindwa hasara ni yangu. Pili, muda wa kushtaki bado upo, hujachelewa. Tatu, na sikiliza hili vizuri: kampuni kukiri kwamba swichi zake ni mbovu si kukiri kwamba swichi yako ndiyo iliyomuumiza mkeo. Hilo tutalithibitisha sisi. Na tunaweza. Chini ya dashibodi kuna kisanduku kidogo kinachotunza kumbukumbu. Kinaandika mwendo, breki, na ufunguo ulikuwa umekaa wapi gari lilipogonga. Kisanduku kikisema ufunguo ulikuwa umezima, habari ya usingizi imekwisha. Hakuna mtu anayezima gari akiwa amelala. Gari liko wapi?"

"Lilikwenda kwenye Mgongano."

Akaacha kutafuna. "Agosti? Maonyesho yetu haya ya wilaya?"

"Ndiyo."

"Lile la waridi?"

"Uliliona?"

"Nilikuwa jukwaani," wakili akasema. "Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma." Akaiweka karoti mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Kwetu mtu akipatwa na janga hatumpi pole tupu. Tunakaanga chapati za maji kwenye ukumbi wa zimamoto, tunachezesha bahati nasibu ya kushindania bunduki, na Agosti, kwenye maonyesho, tunagonganisha magari. Uwanja unamwagiwa maji mpaka uwe tope, magari makuukuu yanaingia, na yanagongana mpaka libaki moja linalotembea. Mdogo wangu Gaylen amecheza Mgongano tangu hajaota ndevu. Ndiye aliyekuja kwangu kiangazi cha mwaka jana na kofia yake mkononi.

"Kaka, gari la shemeji limekaa tu bandani," aliniambia. "Fremu nzima, injini nzima. Nipe nibadilishe rejeta tu. Nitampeleka Marlys uwanjani kwa jina lake, na wilaya nzima itakuja kumchangia. Wewe kazi yako ni kukaa jukwaani na kula jibini la kukaanga."

Gari lilikuwa bado letu kwa sababu lilikuwa limezeeka mno kukatiwa bima ya lenyewe. Kampuni ya bima haikulitaka. Mimi pia sikulitaka. Nilimwambia alichukue, na nilishukuru nitaacha kulipita kila alfajiri nikienda kukamua.

Sheria za Mgongano zinataka gari litolewe kila kitu ndani: vioo, viti, mifuko ya hewa, dashibodi yote, na kile kisanduku kilitupwa nayo. Na Gaylen, kama wachezaji wote, haachi swichi ya ufunguo. Anaing'oa na kuweka kitufe cha kubonyeza, kwa sababu ufunguo hauaminiki gari likigongwa. Yeye mwenyewe huwaambia vijana hivyo: ufunguo hauaminiki.

Britta alikuja shambani siku ya kupaka rangi. Hakuniamkia. Alipiga magoti kwenye majani na kuandika MARLYS kwenye milango yote miwili, herufi nyeupe juu ya waridi, taratibu, akitoa ulimi kidogo kama alivyokuwa akifanya shuleni. Gaylen alishika nafasi ya pili. Gari lilipokufa katikati ya tope, limekunjika kama karatasi, jukwaa zima lilisimama. Watu walipitisha kofia ya chuma ya Gaylen safu hadi safu na ikarudi imejaa. Nami nilisimama kwa fimbo yangu, nikalia, na nikafikiri kwamba sijawahi kupendwa hivyo. Kesho yake yadi ya vyuma chakavu ikalivuta na kulikandamiza.

"Orrin," Wakili Hruska akasema, "nitakwambia watakachosema. Watasema kielelezo kilikuwa mikononi mwenu na mmekivunja wenyewe, mbele ya watu elfu mbili, kwa shangwe. Na hakimu ataliruhusu baraza la raia wanaoamua kesi liamini kwamba mlikivunja kwa sababu kilikuwa kinawaumbua."

"Hatukujua."

"Mimi najua hamkujua. Mimi nilikuwa napiga makofi."

"Hakuna njia nyingine?"

"Kampuni itafungua mfuko wa kuwafidia majeruhi. Nitakuandikia dai. Watauliza uthibitisho, na tulicho nacho ni karatasi ya askari inayosema ulilala." Akafikiri. "Itafute ile swichi. Hata peke yake. Kama Gaylen aliitupa kwenye ndoo fulani na hajaimwaga, nipe kitu cha kushika mkononi."

Nilimpigia Gaylen kutoka kwenye ngazi za wakili. Nilimweleza habari ya kisanduku na swichi. Kisha akasema, "Kaka, nisubiri," akakata.

Alinikuta kwenye chumba cha tangi la maziwa. Gaylen ni mtu wa mizaha, hata kwenye msiba wa baba alimchekesha mchungaji, lakini siku hiyo aliingia bila neno na kopo kubwa la kahawa kifuani. Akalimwaga kwenye sinki la chuma. Zilitoka swichi za ufunguo, za miaka yote aliyocheza, nyingine zina kutu, nyingine bado zina funguo.

"Sizitupi," akasema. "Sijui kwa nini. Huwa natia tu humo."

Tukazitenga. Zilizokuwa za aina ya gari letu zilibaki nne.

"Ni hii," Gaylen akasema.

"Unajuaje?"

"Ina mkwaruzo hapa. Bisibisi iliteleza, nakumbuka."

Nikaziinua zile tatu. "Na hizi?"

Akaziangalia. Zote zilikuwa na mikwaruzo. Mkono ule ule, bisibisi ile ile.

"Nitaapa ni hii," akasema. "Waniweke pale mbele, waniletee Biblia, nitaapa. Mimi ndiye niliyeharibu, kaka, niache nitengeneze."

"Utaapa nini, ba'mdogo?"

Britta alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kazini. Hakuna aliyesikia gari lake kwa sababu ya mashine ya kupoza maziwa. Naye alikuwa ameisikia redio.

Gaylen akamwonyesha. Akaeleza haraka haraka, kisanduku, kitufe, yadi, kopo. Britta alisikiliza, kisha akaishika ile swichi na kuigeuzageuza.

"Kama ni hii, sema ni hii," akamwambia. "Usiniambie utaapa."

"Inaweza kuwa hii."

"Ba'mdogo."

Gaylen akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. "Sijui," akasema. "Mungu wangu, mwanangu, sijui. Nimekaa garini hapo nje nikijaribu kujua."

Alilia kwa namna mbaya, kama mtu asiyefundishwa kulia. Nilimwekea mkono mgongoni. Sikuwa na hasira naye, na hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu hasira ingekuwa mahali pa kwenda. Wilaya nzima ilikuwa imekuja kunisaidia. Nimkasirikie nani?

Britta akaniangalia mimi sasa, usoni, kwa mara ya kwanza tangu ajali.

"Na wewe unajua, baba?"

"Usukani ulikuwa mzito."

"Ulisema hivyo hospitali. Krismasi ulisema ulilala."

"Nilisema kwa kuwa nyote mlisema."

"Kwa hiyo leo unasema hivi kwa kuwa redio imesema."

Angenipiga kofi ningepata la kufanya.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama zile swichi nne muda mrefu. "Niliandika jina lake," akasema, si kwangu wala kwa Gaylen. "Nilipita juu yake mara mbili ili lionekane mbali." Kisha akainuka. "Mama Kessel ana gari kama lile. Twende."

"Kufanya nini?"

"Kulizima likitembea, tuone huo usukani."

Bernadine Kessel ni mjane jirani yetu, na kweli gari lake lilikuwa pacha wa letu, hata rangi ya viti. Alikuwa ameshawapigia gereji. Walimwambia vipuri havitafika kabla ya kiangazi, na mpaka hapo aendeshe na ufunguo mtupu, bila kitu kingine kwenye pete.

"Kwa hiyo nikifa, nitakufa bila ufunguo wa kabati," akasema. Alitutazama mmoja mmoja, akaelewa, akatoa ufunguo mfukoni. "Lirudisheni likiwa zima. Na msilipake waridi."

Gaylen alibaki kwake. Hakutaka kuja, na Bernadine alimshika mkono kumwingiza jikoni kama mtoto.

Nilikaa kwenye usukani. Britta akakaa pembeni yangu.

"Sitaki ukae hapo," nikamwambia.

"Endesha, baba."

Niliendesha hadi barabara ile. Ilikuwa mchana mweupe, mashamba tupu pande zote, theluji imebaki kwenye mitaro tu. Nilitaka nichague barabara nyingine, lakini gari lilikuwa limeshaingia pale kabla sijasema. Mwendo wangu ulikuwa ule ule wa jioni ile, au niliodhani ni ule ule. Britta alifunga mkanda na kunyoosha mkono mpaka kwenye ufunguo, akauacha hapo.

"Usiniambie lini," nikasema.

"Sitakwambia."

Tukaipita njia ya kwa jirani Halvorson, tukalipita kanisa. Aliugeuza.

Mlio wa injini ulikatika. Taa zikawaka mbele yangu, nyekundu na njano, na usukani ukajaa uzito mikononi mwangu kana kwamba umezama kwenye saruji. Gari lilianza kuhama kuelekea mtaroni. Nilisikia changarawe chini ya tairi za kulia, upande wa Britta. Nikavuta. Nilivuta kwa mabega, kwa mgongo, kwa nyonga iliyopigiliwa vyuma, na gari likarudi kwenye lami kidogo kidogo. Nikakanyaga breki iliyokuwa ngumu kama jiwe mpaka likasimama.

Nje kulikuwa na upepo tu.

"Umelirudisha," Britta akasema.

"Nilijua utalizima."

"Ndiyo."

"Jioni ile sikujua."

Alikuwa mweupe, mikono yote miwili kwenye mkanda. "Ulikuwa hivyo hivyo?" akauliza. "Usukani. Baba, fikiri kabla hujanijibu. Ulikuwa hivyo hivyo?"

Nilijua anachotaka. Alitaka nimwambie ndiyo, na alitaka iwe kweli, na alikuwa tayari kuamini. Niliona uso wake umefunguka kama ulivyokuwa zamani. Neno moja tu. Nikafumba macho na kuitafuta jioni ile mikononi mwangu. Kwa mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikiutunza ule uzito mahali fulani kati ya viwiko na viganja, wakati nikiuamini na wakati sikuuamini. Sasa niliutafuta nikapata huu wa leo tu: jua, changarawe, mkono wa Britta kwenye ufunguo. Uzito wa leo ulikuwa umeufunika ule wa zamani kabisa, na sikuweza tena kuupata chini yake, wala kujua kama uliwahi kuwepo.

"Sijui," nikamwambia.

Aligeuka dirishani. Alilia bila sauti, mabega tu, na sikumgusa kwa sababu sikujua kama ninaruhusiwa. Baadaye alijifuta kwa mkono wa koti.

"Kama gari lingekuwepo tungejua," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ningejua kama nikuombe radhi au nisikuombe."

"Najua, mwanangu."

Tulimrudishia Bernadine gari lake. Wakili Hruska aliandika dai hata hivyo, na lilirudi kama alivyosema litarudi: pole nyingi, hakuna uthibitisho. Aliniambia kwa simu kwamba tangu siku ile hajaweza kwenda kutazama Mgongano, halafu akacheka kidogo kwa kuwa ulikuwa bado mwezi wa tano, na Mgongano ni Agosti. Gaylen alizichukua zile swichi na kopo lake. Hakusema amezipeleka wapi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, uani kwa Bernadine, Britta alisimama karibu na gari lake na mlango umefunguliwa. Nilidhani ataingia aondoke kama kawaida.

"Jumapili," akasema, "nitakuwa na mama asubuhi, mpaka saa sita. Wewe njoo baada ya saa sita. Usiku halali vizuri, asubuhi anakuwa mchovu, akishakula mchana anakuwa na furaha zaidi. Utamfurahia."

"Sawa."

"Ni bora tukipangana. Kuliko vile tunavyokimbiana."

"Sawa, Britta."

Alitikisa kichwa, akaingia, akarekebisha kioo. Aliondoka polepole, na kwenye kona aliwasha taa ya kuashiria, ingawa hakukuwa na gari lingine barabarani.